UZI: Kesi ya wavuvi iliyofika hadi kwenye maombi ya hifadhi: hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani na maisha yetu huku

Mkalimani wa Columbus (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani, Ohio, mwaka wa 11 sasa. Kazi yangu ni kukaa katikati ya mtu na wakili wake, au mtu na jaji, na kusema kilichosemwa bila kutia chumvi wala kupunguza. Kiapo kinanikataza kusimulia ya watu, kwa hiyo humu hamtasikia kesi ya mteja wangu hata mmoja. Nataka tuzungumzie kesi zilizo wazi kwa dunia nzima, za Mahakama ya Juu ya Marekani. Ndugu zetu wanakesha wakifuatilia zile zinazopigiwa kelele kwenye televisheni, halafu hawazijui kabisa zile zinazowagusa wao kazini, shuleni kwa watoto na kwenye makaratasi yao ya uhamiaji.

Naanza na samaki.

Cape May, New Jersey, kuna wavuvi wa samaki aina ya heringi. Serikali iliwataka wabebe mkaguzi ndani ya boti na wamlipe wao wenyewe, gharama iliyokadiriwa kufika dola 710 kwa siku. Sheria ya uvuvi ilisema mkaguzi anaweza kuwekwa botini, lakini haikusema wazi kwamba wavuvi wa namna yao ndio wa kumlipa. Tangu hukumu ya Chevron ya mwaka 1984, sheria ikiwa na pengo la namna hiyo, majaji walitakiwa kuipokea tafsiri ya idara ya serikali inayohusika, mradi tu iwe inaingia akilini. Wavuvi wakagoma, wakapanda na kesi hadi juu. Tarehe 28 Juni 2024, katika kesi ya Loper Bright, majaji sita waliifuta Chevron baada ya miaka 40. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba kusema sheria ina maana gani ni kazi ya mahakama.

Sasa mtu aliyetoka Bujumbura akiomba hifadhi anahusikaje na heringi?

Sheria ya Marekani inampa hifadhi mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, msimamo wa kisiasa, au kuwa ndani ya "kundi maalumu la kijamii". Hilo la mwisho sheria haikulieleza. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, iliyo ndani ya Wizara ya Sheria, ndiyo imekuwa ikilitafsiri, na mahakama za rufani zikiinama kwa sababu ya Chevron. Baada ya kesi ya wavuvi, jaji wa rufani anatakiwa aisome sheria kwa macho yake mwenyewe. Hiyo haina maana kwamba atakupa hifadhi. Anaweza kuisoma akakukatalia vilevile. Lakini wakili aliyekuwa akifika pale na kuambiwa "bodi imeshasema", leo ana mahali pa kusimama na kujenga hoja.

Kilichokuwa ugomvi wa posho ya mkaguzi botini kiligusa uhamiaji, mazingira, dawa, kodi, kila mahali ambapo idara ya serikali inatafsiri sheria. Ndiyo maana huwa nawaambia watu, ukisikia hukumu imetoka usiishie kuuliza nani ameshinda. Uliza ni kanuni gani imewekwa, kwa sababu kanuni ndiyo itakayosafiri.

Kesi ninayoibeba moyoni kuliko zote ni ya José Padilla. Mzaliwa wa Honduras, mkaazi halali wa Marekani kwa zaidi ya miaka 40, aliyelitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikuwa dereva wa lori. Akakamatwa Kentucky na bangi nyingi ndani ya gari. Wakili wake akamwambia asihangaike na mambo ya uhamiaji, ameshakaa nchini muda mrefu. Akakiri kosa. Na kosa lile, kwa sheria ya uhamiaji, lilikuwa la kufukuzwa nchini karibu moja kwa moja.

Tarehe 31 Machi 2010, majaji saba kati ya tisa walisema haikuwa sawa. Katiba, katika Marekebisho ya 6, inampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili, na wakili huyo lazima awe anafanya kazi yake. Kama mshtakiwa si raia, wakili ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Pale sheria inapokuwa wazi, amweleze waziwazi.

Nimesimama mara nyingi kwenye korido za mahakama, dakika tano kabla ya kesi kuitwa, karatasi za makubaliano ya kukiri kosa ziko mezani, kalamu imeshafunguliwa. Na kuna siku nimeona swali hilo halijaulizwa na mtu yeyote, si wakili, si mteja. Mkalimani haruhusiwi kuliuliza. Nikiliuliza nimevunja kiapo na nimejifanya wakili. Natafsiri yaliyosemwa, narudi nyumbani, nalala vibaya. Ninachoweza ni kuja hapa na kuwaandikia. Kama huna uraia, kabla ya kukiri chochote, hata kosa linaloonekana dogo, mwambie wakili wako: "Mimi si raia. Nikikiri hili, uhamiaji utanifanya nini?" Mwambie hata kama hajakuuliza. Ukitaka aandike jibu, mwombe aandike.

Nitarudi jioni, nina zamu.

Kijana wa Mlimani

Mtoa mada, ubarikiwe. Niko mwaka wa tatu sheria, UDSM. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili.

Kwanza jina. Magazeti mengine yanaandika "Mahakama Kuu ya Marekani". Huku kwetu Mahakama Kuu siyo ya mwisho, juu yake kuna Mahakama ya Rufani. Mtu akisoma hivyo anadhani bado kuna rufaa.

Pili, haya majimbo. Hukumu ya Washington inaifunga Ohio kiasi gani?

Mkalimani wa Columbus

Kijana, hilo la jina linanisumbua hata kazini. Mimi hutumia Mahakama ya Juu kwa ile ya Washington, yenye majaji tisa tangu mwaka 1869, na baada yake hakuna pa kukimbilia. Sasa ngoja nikuchanganye zaidi. New York wana mahakama inayoitwa kwa jina lile lile la "juu kabisa", kumbe ni ya kusikiliza kesi mwanzoni. Ya mwisho kwao inaitwa Mahakama ya Rufani, kama kwenu Dar. Texas nao wana mahakama mbili za mwisho, moja ya madai na moja ya jinai. Mkalimani akitafsiri majina haya neno kwa neno, anampoteza mteja.

La pili. Katiba ya Marekani na sheria za nchi nzima, hapo Washington ndiyo yenye neno la mwisho, na kila jaji wa Ohio anafungwa nalo. Lakini talaka, kodi ya nyumba, ajali ya barabarani, mirathi, mikataba ya kawaida, hayo kwa sehemu kubwa ni ya jimbo, na Mahakama ya Juu ya jimbo ndiyo ya mwisho kuyatafsiri. Mfano ulio hai ni utoaji mimba. Mwaka 1973 kesi ya Roe iliufanya kuwa haki ya kikatiba nchi nzima. Tarehe 24 Juni 2022 kesi ya Dobbs ikaifuta Roe na kurudisha suala hilo majimboni. Huku Ohio wananchi walipiga kura Novemba 2023 na kuliweka kwenye katiba ya jimbo. Majimbo mengine yakafanya kinyume. Ukivuka mto Ohio kuingia Kentucky, sheria nyingine kabisa.

Na siyo kila kesi inafika. Maombi huwa maelfu kila mwaka. Ili kesi isikilizwe, lazima majaji wanne kati ya tisa wakubali, na siku hizi wanachukua kama 60 hivi. Wanapendelea zile ambapo mahakama za rufani za maeneo tofauti zimetofautiana. Kwa hiyo wewe unaweza kuwa umeonewa kabisa na wasikuchukue, kwa sababu wanaangalia kanuni kuliko machozi yako. Hilo huwauma sana watu, na mimi huniuma kulitafsiri.

Dereva Nakuru

Mkuu, shikamoo kwa hii kazi. Mimi ni Mkenya, niko Texas, naendesha semi mwaka wa sita. Hiyo hadithi ya Padilla imenishika koo maana ni dereva mwenzangu.

Sasa swali langu. Nilipoanza, kampuni fulani ilinipa mkataba kwenye tableti, kurasa sijui ngapi, nikaweka sahihi na kidole. Wakaniandika kama mkandarasi huru, siyo mwajiriwa. Lori ni lao, nalilipia kila wiki, mafuta juu yangu, bima juu yangu. Kuna wiki nilitembea maili elfu mbili na ushei nikabaki na dola za kununua mkate tu. Nilipotaka kushtaki nikaambiwa nimeshakubali usuluhishi wa faragha, sina haki ya kwenda kortini. Nikaachana nao. Je, ni kweli sikuwa na njia?

Mkalimani wa Columbus

Marahaba ndugu yangu, na pole. Kesi yako karibu iwe imeshaandikwa, jina tu ndilo la mtu mwingine.

Anaitwa Dominic Oliveira, dereva wa kampuni ya New Prime. Alianza kama mwanagenzi, akaendesha maili 10,000 bila malipo ili ajifunze kazi. Baadaye akawa mkandarasi huru kwa karatasi, na makato ya lori, mafuta na vifaa yakala mshahara mpaka akadai analipwa chini ya kima cha chini kisheria. Akashtaki pamoja na wenzake. Kampuni ikatoa mkataba: hapa uliweka sahihi, nenda kwa msuluhishi.

Kuna Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1925. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Juu imeipa nguvu kubwa mno, kwa maoni yangu kupita kiasi. Mwaka 2011 ikasema kampuni ya simu inaweza kumzuia mteja kushtaki pamoja na wenzake. Mwaka 2018 ikasema hivyo hivyo kwa waajiriwa. Fikiria umekatwa dola 30. Peke yako hutapata wakili wa kukuchukulia kesi ya dola 30, na kuungana na wenzako umeshazuiwa. Hukumu hizo mbili zimefunga milango mingi kuliko watu wanavyojua, na karibu hakuna aliyeandamana.

Lakini ile sheria ya 1925 ina kifungu kinachowaacha nje mabaharia, wafanyakazi wa reli, na wafanyakazi wengine wa usafirishaji wa kati ya majimbo, pale inapotaja "mikataba ya ajira" yao. New Prime wakasema huyu si mwajiriwa, ni mkandarasi, basi kifungu hakimlindi. Jaji Neil Gorsuch, ambaye hakuna anayemwita mtetezi wa vyama vya wafanyakazi, akafungua kamusi na hukumu za zamani. Akaona kwamba mwaka 1925 maneno yale yalimaanisha makubaliano yoyote ya kufanya kazi, uwe mwajiriwa au mkandarasi. Januari 2019, kura 8 kwa 0, dereva akashinda haki ya kubaki mahakamani. Mwaka 2022 ikafuata kesi ya Southwest, ya msimamizi wa upakiaji mizigo kwenye ndege, 8 kwa 0. Mwaka 2024 wasambazaji mikate, 9 kwa 0.

Tahadhari mbili. Kampuni siku hizi zinaandika kwenye mkataba kwamba hata sheria ya nchi ikishindwa, itumike sheria ya usuluhishi ya jimbo, na hapo majibu yanatofautiana jimbo kwa jimbo. Na madai ya mshahara yana muda wake. Kwa sheria ya nchi ni miaka miwili, au mitatu kama mwajiri alikosea kwa makusudi. Kama ni ya mwaka wa kwanza wako barabarani, huenda muda umeshapita. Nenda kwa wakili wa kazi umuulize hivyo hivyo, na umtajie New Prime kwa jina.

Dereva Nakuru

Imenichoma. Miaka minne imepita. Lakini kuna vijana wangu wawili wameanza mwaka huu, mmoja wa Eldoret mmoja wa Arusha. Nawatumia uzi huu sasa hivi.

Mzee wa Hoja

Nawasoma tu. Mnaipamba sana hiyo mahakama. Majaji wanateuliwa na marais, rais wa chama hiki anaweka wa kwake, yule wa kwake. Kesi kubwa zote ni 6 kwa 3, unajua matokeo kabla hawajakaa. Hiyo ni siasa imevaa joho. Mwaka 2024 wamempa rais kinga ya mashtaka kwa vitendo vya kiofisi, 6 kwa 3. Sisi wahamiaji tutegemee nini hapo?

Mkalimani wa Columbus

Mzee wangu, sitabishana na wewe katika hilo la siasa. Kinga ya rais, Dobbs, kufutwa kwa upendeleo wa kusahihisha ubaguzi vyuoni mwaka 2023, haki ya kubeba silaha mwaka 2022, mstari wa siasa unaonekana. Mwaka 2018 marufuku ya kuingia nchini, iliyoigusa Somalia pamoja na nchi nyingine, ilipita 5 kwa 4, na nimekaa na familia zilizogawanywa na hukumu ile. Siwezi kuipamba.

Ninachokataa ni kwamba tukae tu. Nimewatajia hapo juu kesi za madereva na wapakiaji, 8 kwa 0, 8 kwa 0, 9 kwa 0. Hizo haziingii kwenye habari kwa sababu hakuna ugomvi wa kuonyesha, na ndizo zinazomlipa mtu mshahara wake. Tukiziacha kwa sababu zile nyingine zimetuudhi, anayepoteza ni dereva wa Arusha.

Bint Mwembeladu

Assalaam alaykum. Niko Minnesota, asili yangu Unguja. Naongezea ya akina dada.

Mwaka 2008 huko Tulsa, Oklahoma, binti wa miaka 17 aitwaye Samantha Elauf aliomba kazi kwenye duka la nguo la Abercrombie & Fitch. Alikuwa amevaa mtandio kichwani. Usaili alifanya vizuri, ila wakubwa wakasema mtandio unakwenda kinyume na sera ya mwonekano wa wauzaji. Hakuajiriwa. Duka likajitetea kwamba hakuwaambia kuwa anavaa kwa ajili ya dini. Tarehe 1 Juni 2015 Mahakama ikasema, kura 8 kwa 1, mwajiri hawezi kumkataa mtu ili tu akwepe kumpa nafasi ya dini yake, hata kama hakuambiwa waziwazi. Aliyeandika hukumu ni Jaji Antonin Scalia, mhafidhina wa wahafidhina.

Mimi niliwahi kuambiwa kazini "hiyo hijabu vipi, mteja ataonaje". Nilinyamaza kwa kuwa sikujua. Sasa najua, na binti yangu anajua.

Mkalimani wa Columbus

Waalaykum salaam dada. Ahsante sana, hiyo ni ya kuiweka ukutani.

Niifunge na nyingine ya mwaka 2023, Groff. Mpeleka barua wa Pennsylvania, Mkristo, hakutaka kufanya kazi Jumapili. Tangu mwaka 1977 mwajiri alikuwa akiweza kukataa maombi kama hayo kwa kusema tu yanamletea usumbufu kidogo. Majaji wote tisa wakasema hapana, mwajiri aonyeshe kwamba gharama ni kubwa kweli kwa biashara yake. Kesi ya Jumapili ya Mkristo, lakini kanuni yake inamfikia Muislamu anayeomba nafasi ya swala ya Ijumaa kiwandani na Msabato asiyefanya kazi Jumamosi. Mnaona ninavyosema kanuni husafiri.

Mama Furaha

Jambo wote. Mimi ni mama kutoka Uvira, tulikaa kambini Nyarugusu miaka mingi, sasa tuko Louisville. Baba mkalimani, nisamehe kama ninauliza kitu kisicho cha hapa. Mtoto wangu wa miaka 12 anakaa darasani tangu mwezi wa nane, haelewi kitu. Mwalimu anamupa karatasi ya kupaka rangi wenzake wakisoma. Nilienda shuleni wakasema atazoea. Mtoto amekuwa kimya nyumbani. Kuna sheria juu ya hiyo?

Mkalimani wa Columbus

Mama Furaha, ni cha hapa kabisa. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Ngoja nikujibu taratibu.

San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na watoto wa Kichina karibu 1,800 waliokaa madarasani hivyo hivyo, bila kujua Kiingereza na bila kusaidiwa. Shule ikasema tunawapa kitabu kilekile, mwalimu yuleyule, dawati lilelile, kwa hiyo hatuwabagui. Wazazi wakashtaki. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, majaji wote walikubaliana kwamba huo si usawa. Kumpa mtoto kitabu asichoweza kukisoma ni kumnyima elimu, na shule inayopokea fedha za serikali kuu haina ruhusa hiyo chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya fursa sawa za elimu, inayoitaka shule ichukue hatua zinazofaa kumvusha mtoto kizuizi cha lugha.

Nikwambie na upande mchungu. Mwaka 2001, kesi ya Sandoval, iliyotoka Alabama na kuhusu mtihani wa leseni ya udereva kutolewa kwa Kiingereza tu, Mahakama ikasema 5 kwa 4 kwamba mtu binafsi hawezi kushtaki kwa kutumia Sheria ya 1964 kama hawezi kuonyesha kwamba ubaguzi ulikuwa wa makusudi. Tazama kesi ya leseni ilivyomega mguu mmoja wa kesi ya watoto. Lakini ile sheria ya Bunge ya 1974 bado ipo, na mzazi anaweza kuisimamia.

Fanya hivi. Andika barua, kwa Kiswahili ukitaka, useme: naomba mwanangu apimwe Kiingereza chake na apewe mafunzo ya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha. Weka tarehe. Piga picha kabla hujaitoa. Mpe mkuu wa shule na ubaki na nakala. Maneno ya mdomo shuleni hupotea, karatasi yenye tarehe haipotei.

Na kama una jirani asiye na makaratasi anayeogopa kumpeleka mtoto shule, mwambie kuna kesi ya mwaka 1982, Plyler dhidi ya Doe, kutoka Tyler, Texas. Wilaya ile ya shule ilitaka watoto wasio na hati walipe dola 1,000 kwa mwaka. Mahakama ikasema 5 kwa 4 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji.

Kijana wa Mlimani

Hii 5 kwa 4 ya Plyler inanitisha. Kura moja.

Mkalimani wa Columbus

Inatisha kweli. Na hukumu hufutwa. Kanuni ya kuwatenga weusi na weupe, kesi ya Plessy ya mwaka 1896 iliibariki, na ilisimama miaka 58 mpaka kesi ya Brown ya 1954 ilipoifuta shuleni. Brown ilikuwa 9 kwa 0, na Jaji Mkuu Earl Warren alihangaika sana kupata sauti moja, kwa sababu alijua Kusini wangepinga. Na bado walipinga miaka.

Dereva Nakuru

Kwa kesi hiyo ya Brown, Mkenya hawezi kupita bila kusema neno. Wakili aliyeisimamia, Thurgood Marshall, mwaka 1960 alikwenda London kwenye mazungumzo ya Lancaster House kuwashauri wajumbe wetu Waafrika, na akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya huru. Rafiki yake alikuwa Tom Mboya. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Kile alichopigania Kansas na South Carolina kilivuka bahari kabla hata bendera yetu haijapandishwa. Guka yangu, yaani babu, alikuwa akimtaja kama jirani.

Muuza Mitumba

Mtoa mada, na sisi wafanyabiashara? Nanunua vitu nje nauza kwenye intaneti nikiwa Carolina ya Kaskazini.

Mkalimani wa Columbus

Mbili za haraka, maana biashara si uwanja wangu. Mwaka 2013, mwanafunzi kutoka Thailand, Supap Kirtsaeng, alikuwa akiletewa na ndugu zake vitabu halali vya vyuo vilivyochapishwa Asia kwa bei nafuu, anaviuza Marekani. Mchapishaji akamshtaki kwa hakimiliki, baraza la wazee wa mahakama likampiga dola 600,000. Mahakama ya Juu ikasema 6 kwa 3, ukishanunua nakala halali ni yako, uza utakavyo, hata kama ilichapishwa ng'ambo. Hiyo haihusu mali feki, tafadhali. Na mwaka 2018, kesi ya Wayfair iliruhusu majimbo kudai kodi ya mauzo hata kwa muuzaji asiye na duka ndani ya jimbo. Angalia viwango vya kila jimbo unakotuma mzigo.

Narudi kidogo kwenye jinai, maana mtu mmoja amenitumia ujumbe wa faragha akiuliza hii haki ya wakili ilitoka wapi. Ilitoka kwa maskini mmoja wa Florida, Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961 alishtakiwa kuvunja na kuingia kwenye ukumbi wa mchezo wa pool huko Panama City. Akaomba wakili, jaji akamwambia sheria ya Florida inatoa wakili wa bure kwa kesi zenye adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani akachukua penseli, akaiandikia Mahakama ya Juu. Machi 1963, majaji wote tisa wakampa haki. Kesi ikarudiwa Agosti, safari hii akiwa na wakili, na wazee wa mahakama wakamwachia baada ya kama saa moja. Bila Gideon hakuna Padilla, maana huwezi kudai wakili mzuri kama huna haki ya wakili.

Lakini Gideon haifiki kwenye mahakama ya uhamiaji. Kule unaruhusiwa kuwa na wakili, ila serikali haikulipii, kwa sababu kufukuzwa nchini kunahesabiwa kuwa jambo la madai, si la jinai. Nimekaa kando ya watoto wakijibu maswali ya jaji peke yao. Hilo naamini ni kosa, na naamini siku moja mtu atalipeleka juu.

Mama Furaha

Baba mkalimani, barua nimepeleka jana. Nimeandika Kiswahili, mukubwa wangu akaandika Kiingereza chini. Mukuu wa shule alisoma, akasema mtoto atapimwa Jumanne saa tatu asubuhi, na mimi niende. Mukubwa wangu atakuja kunitafsiria.

Mkalimani wa Columbus

Mama, vizuri sana. Ila Jumanne usimtumie mwanao akutafsirie. Wapigie kesho, waombe mkalimani wa Kiswahili, na useme Kiswahili cha Kongo ili wasikuletee anayekuchanganya. Mwanao aje akae kama mtoto. Ukitoka omba matokeo kwa maandishi, halafu uyalete hapa tuyasome pamoja.